Goti la Bonareri Mbele ya Sumaku

Goti la kushoto lilikuwa limemnyima Bonareri raha. Kuteremka kwenye shamba lake la majani chai kule Birongo kuligeuka adhabu. Ndipo madaktari wa utafiti mjini Kisii walipotoa seli shina, seli changa zinazoweza kukua kuwa tishu mpya, kwenye uboho wa nyonga yake, wakazitia chembechembe za chuma ziwe alama, kisha wakazidunga gotini zikarabati gegedu, ile tishu laini ya kati ya mifupa, iliyolika. Leo wangezitafuta kwa mashine ya MRI, bila kumchanja popote. Zikiwa zimetulia gotini, angeendelea kupona polepole. Zikiwa zimetawanyika, angepasuliwa, na kisu alikiogopa kuliko maumivu.

"Nyanya, una chuma chochote mwilini?" aliuliza Shital, mpigapicha wa hospitali, binti wa wenye duka la vitambaa mjini.

"Sina."

Kifaa cha ukaguzi kikalia kilipofika kwenye kifundo cha mguu. Shital akateremsha soksi nene na kukuta ebitinge, pete za chuma za wanawake walioolewa, ambazo Bonareri alivishwa na mama mkwe.

"Mashine hii ni sumaku kubwa, Nyanya. Lazima zitoke."

"Hizi hutoka mume akifa, binti yangu. Wangu yuko hapo nje anakula ndizi. Unataka nimzike na ganda mkononi?"

Shital alicheka. "Zitakuumiza, tena zitaharibu picha. Seli zako tunazijua kwa kile chuma tulichozitia. Huonekana nyeusi."

"Kumbe nazo zimeolewa?" Bonareri akafikiri kidogo. "Basi mwite mzee."

Ogari, mumewe, aliingia akasikiliza, akafuta mikono kwenye suruali, akachuchumaa kwa taabu.

"Nitazivua mwenyewe," alisema. "Mke akivuliwa na mumewe aliye hai, nani atamwita mjane?"

"Watasema."

"Waseme. Ila usikawie humo ndani. Nikiona kifundo kizuri kikipita, nitakivisha."

"Kivishe, uone kama mwenyewe atavumilia kukoroma kwako."

Mashine iligonga na kuvuma hadi Bonareri akachoka kuomba. Alipotoka, Shital alimwonyesha picha: goti la kijivu, na kando ya gegedu, doa jeusi.

"Hizi hapa. Hazijahama."

"Hakuna kisu?"

"Daktari amesema hakuna. Tembea kidogo kidogo tu, Nyanya."

"Kutembea nitatembea," alisema Bonareri. Ogari alipokwisha kumvisha tena pete zake, akaushika mkono wake, wakaanza kushuka ngazi, mguu wa kushoto ukitangulia.