Tusekile na Mashine ya Mienendo Mitano

Tusekile aliijenga mashine yake ya kuchonga mbao kwa miaka miwili, nyuma ya karakana yake ya fanicha pale Tunduma, na miaka yote hiyo wapita njia hawakumpa raha. Wengine waliiita kitanda cha hospitali. Wengine walimuuliza ataizaa lini. Yeye aliwajibu kwa grinda: akiiwasha, hamsikii mtu.

Fremu ilikuwa vyuma vya chesisi ya lori lililofia kwenye foleni ya mpakani. Mota ndogo alizitoa kwenye mashine za fotokopi zilizokufa za wifi yake Angel, mwenye duka la steshenari. Mota kubwa na kompyuta alivifuata ng'ambo, Nakonde upande wa Zambia, akabishana na muuzaji mpaka yule mama akachoka: "Bamaayo, mama yangu, chukua, uniache nipumzike."

Na mashine ikawa. Kisu kilikwenda mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini. Ubao wenyewe ulizunguka, na kichwa kilichoshika kisu kiliinama kama mtu anayechungulia uvunguni. Mienendo mitano, yote kwa amri ya kompyuta.

Tatizo likawa hiyo amri. Programu za bure walizopata yeye na Angel ziliweza mienendo mitatu tu. Iliyoongoza yote mitano kwa pamoja ilikodishwa kwa mwaka, bei ya pikipiki mpya.

"Pikipiki angalau ningepanda," Tusekile alisema. "Hii nitaipanda wapi?"

Wenye programu walitoa siku kumi na tano za kuijaribu bure. Hao wawili, kwa kiherehere chao, waliifungua kabla kichwa cha mashine hakijakaa sawa. Siku kumi na tatu zikaliwa na kukaza bolti.

Zikiwa zimebaki mbili, akaja Danford, katibu wa kikundi cha wakulima wa kahawa cha Iyula. Pampu ya maji ya mtambo wao wa kumenya kahawa ilikuwa imelika pangaboi, lile gurudumu dogo lenye mabapa yaliyopinda, linalosukuma maji. Msimu ulikuwa umepamba moto na watu walikuwa wanabeba maji kwa ndoo. Alitaka Tusekile achonge mfano wa mti, kisha wayeyusha sufuria waukandamize kwenye mchanga na kumwaga alumini kwenye umbo lake. Lakini mabapa yalilaliana, moja limejificha chini ya jingine. Bila kichwa kuinama, kisu hakifiki.

"Maji yakitoka, tunalipa na tunaagiza la akiba," alisema Danford. "Yasipotoka, naagiza Dar, tuendelee na ndoo."

Malipo hayo yangetosha programu ya mwaka mzima. Ila programu yenyewe ilikuwa inafunga kesho yake saa kumi jioni, na ikishafunga, haitoi amri hata moja.

Angel alipima pangaboi la zamani, akachora usiku na mchana. Siku ya mwisho, baada ya chakula, akaiamuru kompyuta ikokotoe njia ya kisu. Kwenye kioo, kichwa kikaenda kugonga kishikio cha ubao.

"Wifi, umechora au umepika?"

"Nimechora! Kichwa chako ndicho kigumu."

"Cha mashine au changu?"

"Vyote viwili!"

Wakarekebisha, wakaanza upya. Danford alikaa kwenye stuli ambayo haijapigwa vanishi, anatazama saa ya ukutani. Saa kumi ilipofika, kazi ilikuwa nusu tu. Angel akajifunika uso kwa kitenge. Danford akachukua koti.

"Mama, umejitahidi. Acha niwahi gari."

Tusekile alikuwa ameinamia kompyuta.

"Wifi. Mbona bado inakokotoa?"

"Itakata sasa hivi."

"Haikati. Hebu toa hicho kitenge usome hapa pembeni. Saa ngapi hiyo?"

Angel akasoma, akasoma tena. "Saa tisa na dakika nne."

Wakatazamana. Kompyuta waliinunua Nakonde, na Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Tunduma huwezi kuahidiana na mtu bila kuuliza, saa ya huku au ya ng'ambo? Humuulizi hivyo mwenye lori tu, hata mshenga unamuuliza. Kompyuta yao wenyewe hawakuiuliza, na programu ilikuwa inafunga kwa saa kumi ya kompyuta hiyo, si ya ukutani.

"Danford, rudisha makalio kwenye stuli!" Tusekile alipiga kelele. "Tuna saa nzima!"

Hakuna aliyeenda hata chooni. Amri zilihifadhiwa zikiwa zimebaki dakika saba, na Angel alimkumbatia Danford kabla hajakumbuka kwamba ni mgeni. Asubuhi kisu kikazama kwenye mninga, kichwa kikainama, kikapita chini ya kila bapa bila kugusa la jirani. Tusekile alifuatilia kwa kidole hewani.

Mfano ukapelekwa kwa wayeyusha sufuria, na siku ya nne Tusekile na Angel walikuwa Iyula. Pangaboi la alumini likafungwa, injini ikavutwa kamba. Bomba likakohoa mara mbili, kisha maji yakaruka, yakamlowesha katibu kuanzia kofia mpaka viatu. Watu wakatupa ndoo, wakashangilia.

Danford alijifuta uso. "Mama, hongera! Basi malipo tutapanga kwenye kikao cha…"

"Kikao cha nini?" Tusekile alishamtolea simu. "Tuma sasa hivi, ungali umelowa."

Akatuma. Angel, amekaa juu ya gunia, akainunua ile programu hapohapo, mwaka mzima, mtandao ukikatika na kurudi.