Wawindaji wa Mifupa Nyumbani kwa Mama Mkwe

Kitabu chenyewe nilikinunua Kondele, kwa mama mmoja anayetandaza vitabu vya mitumba juu ya gunia. Kilikuwa cha watoto, chote mashairi na picha za rangi: wawindaji wawili wa mifupa ya kale, mmoja ana kofia pana kama sinia, mwingine ana masharubu, wanashindana kuchimbua mnyama mkubwa aliyegeuka jiwe. Usiku huyu anamwibia yule mbavu, kesho yule anamwibia huyu meno. Binti yangu wa darasa la kwanza alikipenda hadi nikakichoka. Nilifika mahali nasonga ugali huku midomo inacheza vina.

Likizo ya Aprili tulikwenda nacho nyumbani kwao mume wangu, karibu na Usenge. Mume wangu alibaki kazini Kisumu. Mimi na mama mkwe tulikuwa na amani ya watu wanaopishana mlangoni: salamu, chai, kisha kila mtu na shughuli zake. Kila alasiri alibeba kigoda chake akaenda nyuma ya nyumba, kando ya ua wa minyaa, akachambua omena, dagaa wa ziwani, peke yake. Nilijua ananikimbia. Nilijiambia sijali, na nilijali sana.

Siku moja alikuwa ameteremka ufuoni kununua omena, nami nasugua sufuria jikoni. Nikasikia binti yangu na binamu yake wakipokezana mashairi ya kitabu kwa sauti ya juu.

"Ondoa jembe lako, shimo hili si lako!"

"Mfupa huu ni wangu, nimeuona kwa macho yangu!"

Nilicheka. Kisha nikasikia jembe likipiga udongo, nikatambua sauti zinatoka nyuma ya nyumba, na kicheko kikanikauka.

Nyuma ya nyumba ile amezikwa mtoto wangu wa kwanza. Alizaliwa, akapumua kidogo, akanyamaza. Katika boma lile mtoto ambaye hajapewa jina hazikwi kwa kilio wala hawekewi alama. Wanawake wazee humchukua wakamzika kimya, na mama yake haonyeshwi mahali. Mimi nilikuwa ndani, nimegeukia ukuta. Aliyembeba ni mama mkwe. Sikuwahi kumwuliza ni wapi, naye hakuwahi kuniambia.

Nilitoka mbio bila viatu. Watoto walikuwa wamejaa tope, na binti yangu ameinua mfupa mwembamba wa rangi ya chai, anafurahi kwamba amemshinda binamu yake. Niliogopa kama sijawahi kuogopa maishani. Nilitaka kumpokonya, lakini mkono ulikataa kuugusa. Nikawaambia wauweke chini, kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua, na yule binamu akaanza kulia. Nilitazama uwanja wote ule sikuona pa kukanyaga. Miaka yote hiyo nilikuwa nimepita humo na ndoo za maji, nimeanika nguo, nimefagia. Sasa kila hatua ilinitisha.

Mama mkwe akatokea na beseni la omena kichwani. Aliona shimo, akaona mfupa, akaniona mimi. Alitua beseni, akaokota mfupa, akaufuta kwa leso yake.

"Nyathina, hii ni ya mbuzi," alisema. "Ile tulikula Krismasi. Mbwa ndio ilifukia hapa."

Sikumwamini. Nyathina kwa Kijaluo maana yake ni mwanangu, na hakuwahi kuniita hivyo. Nikaona ananibembeleza ili watoto wasijue. Akauelekeza mfupa kwenye mwanga, akanionyesha alama za meno ya mbwa na mahali panga lilipokata. Kweli, ulikuwa wa mbuzi. Lakini hofu haikunitoka, kwa sababu shimo lingine lingeweza kuchimbwa kesho, popote.

Nadhani aliiona. Aliwatuma watoto wakaoge, akanishika mkono, akanipeleka hadi kwenye ua wa minyaa, pale kigoda chake kilipobaki tangu jana.

"Mtoto yako ako hapa," alisema. "Sikutaka akae peke yake."

Nilikaa chini kwenye udongo nikalia kilio ambacho sikuruhusiwa kulia wakati ule. Mama mkwe hakuninyamazisha. Aliniacha kwanza, kisha akaingia jikoni, akatoka na kigoda cha pili.