Mkono Uliovunjika Kimaka

Kabla sijaeleza habari za mkono wangu, acheni niseme kwamba Jinja niliipenda. Nilifika huko mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa nimemaliza kidato cha nne Mbale, nikapata kazi ya kuuza vitambaa dukani. Nilipanga chumba katika mtaa wa Kimaka pamoja na Okot, dereva wa lori kutoka kaskazini. Mimi Mmasaba, yeye Mwacholi, kwa hiyo tulipendana kwa Kiswahili. Watu wengi walikiita lugha ya wanajeshi, ya kuamuru na kunyang'anya. Kwetu kilikuwa lugha ya utani. Jumamosi tulikula samaki wa kukaanga barazani, na Okot aliwaiga wale ndege wakubwa, kaloli, wanavyotembea kama wazee waliovaa makoti. Tangu siku hizo nimehamahama sana, na sijapata baraza kama ile.

Kofi la kwanza lilikuja binti yetu Atim akiwa na miezi minne. Chakula kilichelewa. Kesho yake Okot aliniletea lesu mpya, nikasamehe. Baadaye zikaja ngumi. Nilijifunza kuijua hali yake kwa namna alivyofunga mlango wa lori.

Siku ya mkono ilikuwa adhuhuri. Alisema nimecheka na mteja. Akachukua mguu wa kigoda kilichovunjika, nami nikainua mkono wa kushoto kukinga kichwa. Mlio niliusikia kabla ya maumivu, mkavu, kama kuni. Damu ya pua ikalowesha blauzi yangu. Yeye akatoka.

Nilijua inafaa niende polisi. Lakini kwetu mwanamke haingii ofisi ya serikali akiwa mchafu. Kwa hiyo nilioga kwa mkono mmoja, nikafua blauzi ile, nikamwomba jirani anifunge gomesi yangu ya kanisani, ile ndefu ya kufika miguuni, yenye mabega yaliyoinuka. Mkono nikaufunika kwa lesu.

Askari wa zamu alinitazama juu hadi chini.

“Eh, mama! Wewe nakwenda harusi ya nani?”

“Afande, bwana yangu amenipiga.”

“Amepiga wapi? Bibi ya kupigwa iko smati hivi?” Wenzake wakacheka. “Rudi, mama, pika. Maneno ya nyumba iishie nyumba.”

Ningeweza kuufunua mkono. Sikuufunua. Nilisema asante afande, nikarudi, nikapika.

Kwa wiki tatu niliufunga kwa kitambaa. Ulivimba, ukawa mweusi, kisha wa manjano, vidole vikafa ganzi. Mfupa ukaanza kuunga ukiwa umepinda. Okot aliposafiri Mombasa, nilimbeba Atim mgongoni nikapanda basi la Mbale hadi kwa shangazi yangu, aliyeuza mkaa Namatala. Nikamwambia nilianguka bafuni. Hospitalini nikamwambia daktari hivyo hivyo.

Daktari aliinua picha ya eksirei dirishani. “Mama, anayeanguka huvunjika hapa, karibu na kiganja. Wewe umevunjika katikati. Mkono huu ulikuwa juu. Ulikuwa unakinga nini?”

“Kichwa,” nikasema, nikalia.

Ilibidi mfupa uvunjwe tena ili unyooke. Plasta ilikaa wiki nane, ikanuka jasho, nikawa najikuna ndani kwa kijiti cha ufagio. Daktari alinieleza kwamba hakuna sheria inayotaja vipigo vya nyumbani kwa jina, lakini kumjeruhi mtu ni kosa, na sheria haikusema “isipokuwa mke”. Nami nilikuwa sijui.

Kisha Okot akatuma neno: nirudi, la sivyo anakuja kumchukua Atim. Niliamua kurudi polisi; nilipotoa gomesi, shangazi, ambaye sasa nilikuwa nimemwambia kweli, alinipokonya.

“Leo huendi misa, mwanangu. Vaa nguo yangu ya mkaa. Waone plasta, waone na uso.”

Tulirudi Jinja pamoja, na barua ya daktari. Safari hii afande mwanamke ndiye aliyeandika maelezo yangu, kurasa mbili, bila kucheka.

Mahakamani Okot alisema, “Mheshimiwa, mwanamke huyu ananipenda. Muulize.”

Hakimu akaniuliza, kupitia kwa mkalimani.

“Ni kweli, mheshimiwa, nampenda. Na mkono huu ni yeye aliyeuvunja.”

Alifungwa miezi sita. Alipotoka alikuja Namatala mara moja tu, amekonda. Mbele ya mwenyekiti wa kijiji alitia sahihi kwamba Atim abaki kwangu. Alimbusu mtoto, akaenda.

Namshukuru Mungu, na shangazi, ambaye sasa ni marehemu, na daktari yule ambaye hata jina sikumwuliza. Baridi ya mlimani ikishuka, mkono bado huniuma. Leo sheria inataja jambo hili waziwazi, na hakimu anaweza kumwamuru mtu asikusogelee. Nikipita Jinja bado hugeuza shingo upande wa Kimaka, na ninayemkumbuka ni Okot yule wa utani. Dada unayesoma, labda unangoja kwanza umchukie ndipo ukashtaki. Mimi chuki hiyo sijaipata hadi leo. Nenda ukiwa bado unampenda.