Kadi za Zamu Kule Gashoho

Nilipewa kazi ya ukalimani kwa sababu nilikulia Tanzania. Parokia yetu ya Gitega ilikuwa imepokea barua kutoka parokia moja ya upande wa Kasulu, jirani na kambi tulikoishi miaka yote ya ukimbizi. Waumini wao kumi na wawili walitaka kuja Burundi kwa siku nane, kwa nauli zao wenyewe, wamjengee nyumba mtu mmoja kati ya waliorudi. Baada ya misa padri aliuliza nani angewasaidia kwa lugha, nami nikainua mkono.

Mimi ni seremala, karakana yangu iko Yoba, mtaa mmoja wa Gitega. Shule niliyosoma iliishia darasa la sita, chini ya turubai. Mengine nimejifundisha: Kifaransa kwa kamusi isiyo na jalada, hesabu za paa kwa kitabu cha ufundi nilichokikuta kwa muuza sukari, kimeshachanwa kurasa za mwanzo za kufungia. Mtu aliyejifunza namna hiyo huamini sana karatasi. Kabla wageni hawajavuka mpaka nilikuwa nimeshaandika orodha ya maneno arobaini ya ujenzi, Kiswahili upande huu, Kirundi upande ule: udongo, kamba, tofali, shika, leta, ngoja.

Orodha hiyo haikupata kazi. Wageni walikuwa Waha, na Muha na Mrundi kila mmoja akisema lugha yake wanaelewana vizuri. Tuliposimama Karuzi kunywa chai, kiongozi wao alibishana na mama muuza ndizi mpaka wote wawili wakacheka, kisha wakaagana kama watu wa ukoo mmoja. Kiongozi huyo alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kufika dawati la nyuma, na wenzake wote walimwita Mama Mwalimu. Aliniona nikikunja karatasi yangu.

"Wewe mkalimani, lala tu," aliniambia. "Tukikwama tutakuamsha."

Tulifika Gashoho, upande wa Muyinga, Jumapili mchana, lori likiwa na mabati, mbao za paa, misumari, katoni za sabuni za kugawa, na mlango niliouchonga kwa mbao za mgrevilea. Nyumba ilikuwa ya mjane mmoja. Alikimbia nchi akiwa na binti yake mgongoni, mumewe akafia kambini, na tangu arudi alikuwa akiishi na binti huyo katika kibanda cha fito na turubai kwenye shamba la mumewe. Msingi wa mawe ulikuwa tayari. Matofali ya udongo alikuwa ameyafyatua yeye na binti kiangazi kizima kule bondeni kwenye maji, wakayakausha juani na kuyafunika kwa majani. Yalikuwa matofali mazuri, nilipima kadhaa na yote yalilingana.

Akinionyesha msingi alinieleza kwa nini juma lile lilikuwa na uzito. Binti alikuwa amepata mchumba, kijana wa Muyinga mjini, na Jumamosi alasiri upande wa kijana ungekuja kuposa. Shemeji yake wa Giheta, mtu mwenye sebule ya saruji na viti vya kutosha, alikuwa ametuma ujumbe: kama nyumba haitakuwa na paa kufikia Ijumaa, wageni wapokelewe kwake. Mjane hakumlaumu. Alisema shemeji ni mtu mwema na ushauri wake ni wa haki.

"Lakini nimehama mara nyingi mno," alisema. "Huyu mtoto hajawahi kutoka kwenye mlango ulio wangu. Nataka atoke kwangu, walau mara hiyo moja."

Nikatazama mlango wangu umeegemezwa kwenye lori, kisha nikatazama bonde. Hapo ndipo palipokuwa na shida. Mafundi tulikuwa nao, hata wawili kati ya wageni walikuwa waashi hodari, ila matofali yalikuwa chini na msingi ulikuwa juu, na kilima ni kikali. Nilikaa juu ya jiwe nikapiga hesabu. Watu kumi na wawili wakibeba matofali wasingepata nafasi ya kuyajenga. Tulihitaji watu thelathini wa kubeba, siku mbili.

Nikafanya nilichokijua. Nilikata katoni moja ya sabuni nikatengeneza kadi thelathini. Kila kadi niliiandika namba, nikachora vyumba vinne vidogo, kimoja kwa kila zamu: asubuhi na alasiri, Jumatatu na Jumanne. Nikazunguka nyumba kwa nyumba kilimani nikiandika majina. Niliwaeleza majirani, kwa Kirundi changu chenye lafudhi ya kambini, kwamba kila zamu nitatoboa chumba kimoja, na mwenye matundu manne atapokea mche wa sabuni. Walinisikiliza kwa adabu, wakapokea kadi kwa mikono miwili. Jirani wa karibu kabisa, mzee mrefu asiyesema sana, nilimpa kadi namba moja.

Nilirudi nimefurahi. Kambini mambo yote yalikwenda hivyo: mahindi, maharagwe, blanketi, hata zamu ya bomba la maji. Aliyekuwa na kadi alikuwa na haki yake, na asiyekuwa nayo alilala na njaa. Niliondoka Burundi mdogo sana, sikuwahi kuona utaratibu mwingine wa watu kusaidiana.

Jumatatu saa moja nilisimama mwanzo wa njia nikiwa na kitobozi mkononi. Saa mbili alikuja mama mmoja, akanirudishia kadi yake, akaomba radhi kwamba ana palizi. Saa tatu akaja mwingine na kadi nne za nyumba nne. Hakuna aliyebeba tofali. Wageni walianza kupanda kilima wenyewe, wakiimba mwanzoni, baadaye kimya. Kufika jioni kuta zilikuwa zimefika magotini, na Mama Mwalimu amekaa chini akijipepea kwa kofia.

"Mkalimani," alisema, "sasa tumekwama. Amka."

Jumanne asubuhi nilikwenda sokoni kuongeza misumari ya bati. Muuza vyuma wa pale ni mzee Mwislamu wa familia ya wafanyabiashara, Kiswahili chake cha Burundi hasa, na alikuwa na habari zote kabla sijafungua mdomo. Aliniomba nimwonyeshe kadi moja. Akaigeuza, akaisoma upande wa tangazo la sabuni, akaigeuza tena.

"We fundi, uliandika watu kama uko nagawa maharagwe," alisema. "Hapa haiko kambi. Na tena sabuni? Mutu anakwenda kwa jirani yake, we unamulipa sabuni, ni kusema yeye haiko jirani, iko kibarua. Ule mama aite ikibiri yeye mwenyewe, aweke mutungi, basi. Utaona. Ata mi ntakuja, na pombe yenu sinywi. Mi munitafutie soda."

Ikibiri nilikuwa nimeisikia nikidhani ni neno la wanasiasa. Kumbe ni kazi ya kuitana: mwenye shughuli huwaendea majirani mwenyewe, huwaambia siku, nao huja na majembe yao au mikono yao, na kazi ikiisha hukaa kwake wakanywa pombe yake. Pombe hiyo siyo malipo. Ndiyo inayomfanya mwenye nyumba awe mwenyeji, asiwe mtu wa kuhurumiwa, na kesho naye ataitwa.

Nilipanda kilima nikapitia kwa jirani mrefu kumwomba radhi kwanza. Alikuwa akipogoa ua wa minyaa unaotenganisha shamba lake na la mjane. Kadi namba moja ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake.

"Ua huu niliupanda na mume wake," aliniambia. "Miaka yote waliyokuwa ng'ambo niliulinda, hatua moja haikusogea. Nani aliniandika kwenye karatasi?"

Nilimsaidia kukusanya matawi yaliyokatwa, kwa uangalifu, kwa sababu utomvu wake unachoma macho, na alipoona ninavyoyashika kwa ncha za vidole alicheka kidogo. Nikajua hajakasirika sana.

Mjane alinisikiliza akiwa amekaa kando ya mitungi mitatu ya pombe ya mtama iliyofunikwa, aliyoipika kwa ajili ya wageni wa Jumamosi. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia tangu Jumapili.

"Wewe ndiye uliyekuja na karatasi," alisema. "Nilidhani watu wa kanisa mna utaratibu wenu. Na tena niliambiwa wageni wenu hawataki pombe."

Hilo lilikuwa kweli. Kanuni ya safari yao ilikuwa hakuna pombe, na kanuni nyingine ilisema wasipokee chochote kwa mwenyeji, kwa kuwa wamekuja kutoa. Nililipeleka suala hilo kwa Mama Mwalimu kama nilivyoweza, kwa vipengele. Alikwangua tope lililokauka kwenye viatu vyake. Alinieleza kwamba wakati wa ukimbizi alikuwa akija kambini na wenzake kila Krismasi na magunia ya nguo, wakashusha, wakapigiwa makofi, wakaondoka, na hakuna siku aliyokaa akala kwa mtu. Aliwahi kujiuliza kwa nini katika miaka yote ile hakumjua mtu hata mmoja kwa jina. Kisha aliinuka akaenda kibandani kwa mjane.

"Dada," alimwambia, "nasikia unaita watu Alhamisi. Na sisi tualike."

Mjane alitoka alasiri ile ile, bila karatasi, akapita nyumba zote kilimani. Alirudi jua limeinama akiwa amechoka na anacheka peke yake. Jumatano tuliendelea kubeba wenyewe, polepole.

Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, walikuwa wamekwisha kujaa bondeni. Sikuwahesabu, ingawa mkono uliniwasha. Hakuna aliyepanga chochote ninachoweza kukitaja, na bado ulitokea mstari kutoka majini hadi kwenye msingi, Warundi na Waha wakipishana, na tofali likapanda kilima kwa mikono. Muuza vyuma alikuja na kofia yake ya kushonwa, akashika nafasi ya katikati, akawa anawasemesha wa juu na wa chini. Waha waliambiwa wanabeba kama watu wanaoogopa kuchafua tofali. Nao wakajibu kwamba kwao nyumba hujengwa kwenye tambarare, ni nani aliyewashauri Warundi kuishi kwenye ngazi. Jirani mrefu alikuwa ndani, akikanda udongo kwa miguu na suruali imekunjwa. Saa sita bonde lilikuwa tupu. Saa kumi kuta zilikuwa zimefika kimo cha paa.

Kisha mitungi ikatolewa uani, na mirija. Mama Mwalimu aliitwa wa kwanza kwa sababu ndiye kiongozi wa waliotoka mbali zaidi. Waumini wake walimtazama kama wanafunzi. Aliinama, akavuta funda moja, akakunja uso.

"Kasulu tunapika kali zaidi," alisema, na uwanja mzima ukampinga kwa kelele. Funda la pili hakuvuta, ila alikaa pale kwenye kigoda mpaka mwisho. Mzee wa vyuma alipata soda yake.

Mitungi yote mitatu iliisha. Hilo lilinisumbua kuliko mtu mwingine yeyote. Nilimwendea mjane akiosha mirija, nikamwuliza Jumamosi wakwe watakunywa nini. Alinijibu nitengeneze mlango.

Na mlango ulikuwa na mambo yake. Nilikuwa nimeuchonga Yoba kwa vipimo vya simu, na waashi walikuwa wameacha nafasi pungufu ya vidole vitatu. Ijumaa, wengine wakipigilia mabati, nilikuwa chini nikipiga randa, na kila aliyepita aliniuliza kama mlango nao umeikataa zamu yake. Kufika jioni ulikuwa umeingia. Ulibana kidogo upande wa chini, kwa kuwa udongo ulikuwa bado mbichi.

Jumamosi, baada ya kazi za jumuiya zinazofanywa nchi nzima asubuhi ya siku hiyo, majirani walianza kuja. Mke wa jirani mrefu alitangulia na mtungi kichwani. Nyuma yake zikafuata dumu za pombe ya ndizi, moja, mbili, nikapoteza hesabu, zikapangwa kando ya ukuta mpya. Mjane alizipokea bila kushangaa hata kidogo. Shemeji wa Giheta alifika na viti vyake vyote juu ya gari dogo, akagusa ukuta, akasema haujakauka, akakaa.

Jirani mrefu alinitafuta. Alitoa kadi namba moja mfukoni, akachukua mrija, akatoboa vyumba vyote vinne, kimoja baada ya kingine, akanipa.

"Zamu zangu zimekwisha," alisema. "Sabuni yangu iko wapi?"

Mama Mwalimu alicheka mpaka akashika ukuta, na alama ya kiganja chake ikabaki pale kwenye udongo.

Wakwe walikuja saa nane na nusu. Maneno yao yalikuwa marefu, kama ilivyo desturi, na shemeji aliyajibu vizuri. Mwishowe waliomba kumwona binti. Tulimsikia ndani akivuta komeo. Mlango haukufunguka. Nilianza kuinuka, mjane akanishika mkono nikae.

"Sukuma chini kwa mguu," alimwambia binti yake kupitia mlangoni, kwa sauti ya mtu aliyeujua mlango huo miaka mingi.

Binti akasukuma, mlango ukaachia, akatoka.