Siku Mikono Yangu Ilipokuwa na Hina

Somo yangu alinionya mapema: hina ikishapakwa, mikono isiguse kitu mpaka ikauke. Ndiye aliyepewa kazi ya kunifunda kabla ya harusi, na hakuwa mtu wa kubembelezwa. Simu yangu akaifutika kibindoni mwake.

Hakuijua hofu yangu. Kazini kwetu tunatengeneza mfumo wa kukatia tiketi za boti, na miaka yote mabadiliko yake niliyapandisha mimi, kwa mkono, amri moja baada ya nyingine, kwenye kompyuta za kukodi zilizo nchi za mbali. Nikikosea, abiria wanajazana bandarini hawana tiketi. Asiyekuwepo na lake halipo, nilijiambia, na nilikuwa mkali kwa yeyote aliyesogelea kazi ile.

Harusi ilipokaribia nikalazimika kuifundisha mashine: ipokee mabadiliko, iyajaribu, iyapandishe, yakileta kasoro, irudishe toleo la zamani yenyewe. Ilifanya vizuri, lakini sikuiamini. Nilikuwa naichungulia kama mkwe anavyochungulia chungu cha mkaza mwana.

Mchana ule, nyumbani kwetu Bububu, vidole vyote vimeshachorwa, simu ikalia. Nikajua tu. Nilimwomba somo aniwekee sikioni, akaguna, akaniwekea. Alikuwa mwenzangu wa kazini, akaniambia mabadiliko ya asubuhi yalikuwa na kosa. Nikaanza kuinuka. Somo akanikamata bega.

"Unakwenda wapi na mikono hiyo?"

Mwenzangu hakuwa na haraka. "Mfumo ushajirudisha wenyewe kwenye toleo la jana. Nshaangalia, tiketi zinakatika. Nimekupigia usije ukasikia kwa watu, ukaikwangua hina bure."

Nilishusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeibana tangu nianze kazi. Machozi yakanitoka, ya raha tupu, na sikuweza kuyafuta. Somo akanifuta kwa ncha ya kanga, akauliza kuna msiba gani. Nikamwambia hapana msiba, ila kazi imekwenda bila mimi.

"Sasa hilo ndilo la kulilia?"

Nikacheka, nikamwomba anikune pua, maana ilikuwa ikiniwasha tangu alipoanza kunipaka hina na nilikuwa naona haya kusema. Akanikuna. Kisha akaizima simu yangu, nami sikumzuia.