Mzee Aliyetutaka Tupaze Sauti

Jumanne sijamaliza hata chai yangu hapa Kayanga, simu ikalia: mzee wetu wa Nyabiyonza amefariki dunia. Simtaji jina. Katika kikundi chetu tulikubaliana kutotajana, na ingawa sharti hilo halikuwahi kufanya kazi hata siku moja, kama nitakavyoeleza, acha angalau mimi nilitii wakati huu udongo wa kaburi lake ungali mbichi. Alikuwa mwenyekiti wa watu walioacha pombe, pamoja na wanaojaribu, na mimi nilikuwa mmoja wao. Naam, mimi. Ninyi wasomaji wa siku nyingi mliodhani macho mekundu kwenye picha yangu hapo juu ni ya kusoma sana, mtanisamehe.

Mwaka jana mke wangu aliniambia kwamba nikirudi tena nimelewa nitakuta kufuli jipya mlangoni, na yule mwanamke hatanii. Nikaanza kuulizia chinichini, nikasikia kuna kikundi kinachokutana Nyabiyonza kila Alhamisi mchana. Nikavaa kofia, miwani ya jua na koti la mvua siku ambayo haikuwa na wingu, nikamwambia dereva wa bodaboda nakwenda kuangalia shamba la kahawa. "Kahawa ya Alhamisi?" akauliza. "Panda tu, mzee. Leo nimeshapeleka wenzako wawili." Akanishusha mlangoni kabisa na kunitakia kila la heri.

Tulikutana kwenye stoo ya kahawa, tumekaa juu ya magunia. Nje ya dirisha akina mama walikuwa wakipalilia maharage. Mzee huyo kwa miaka mingi alisifika kwa kukamua rubisi, pombe yetu ya ndizi, mpaka ilipoanza kumkamua yeye. Akatupitishia kahawa ya kutafuna, kama afanyavyo mwenyeji yeyote wa huku, akatangaza kwamba yanayosemwa humu yanabaki humu. Nikasimama, nikanong'ona kwamba pombe imenishinda na kwamba nimewahi kulala mtaroni. Mzee akakinga kiganja sikioni. "Unasemaje, mwanangu? Masikio yangu yamechoka." Nikarudia. "Paza!" Nikapaza. "Ulilala wapi?" "Mtaroni!" nikapiga kelele. "Karibu na stendi! Na viatu wakachukua!" Huko nje majembe yakanyamaza. Mama mmoja akasema kwa huruma ya kweli, "Pole, baba. Na viatu pia?"

Nilirudi nyumbani nimefura. Hivi, kikundi cha siri gani hiki, mwenyekiti wake kiziwi? Wiki haikuisha, nikaingia kwenye baa yangu ya kawaida, mhudumu akaniletea soda kabla sijaagiza, akaniuliza kama nimepata viatu vingine. Nikasema sawa, nitakwenda Mabira, huko Kyerwa, wilaya nyingine kabisa, ambako hata mbwa hawanijui. Jamani! Dereva wa bodaboda wa kulekule aliponitazama vizuri alikataa kunishusha baani, akanipeleka sokoni, akasimama akinisubiri ninunue parachichi. Ndivyo nilivyomaliza mwezi wa kwanza. Msiniite shujaa, nilikosa tu mahali pa kunywea.

Nimelifikiria sana jambo hili. Kwetu mtu hulewa hadharani. Ataimba njiani, atatukana wakwe, atalala chini mchana kweupe, na watu watamruka waendelee na safari. Lakini siku akitaka kuacha, ndiye huyo anavaa miwani ya jua. Harusi haiendi bila pombe, posa haiendi bila pombe, hata wagombanao hupatanishwa kwa pombe, na anayesema hapana anaulizwa kama anaumwa.

Na msiba nao ni hivyohivyo. Baada ya kumzika mzee, rubisi ikaanza kuzungushwa. Sijawahi kuitamani kama siku ile. Nilikuwa nimelia, koo limekauka, na mtu niliyekuwa nikimtegemea tumetoka kumfukia. Kikombe kikanifikia, nikakipokea kwa mikono miwili. Kabla hakijafika mdomoni, mama yuleyule wa shamba la maharage akakichukua taratibu, akakipitisha mbele. "Huyu hapana," akawaambia. "Huyu tulimsikia."

Nikaenda kumpa mkono mjane. "Shikamoo, mama. Pole sana. Masikio mabovu ya mzee yametusaidia wengi." Akanitazama kama niliyekwishakunywa. "Mabovu? Ya nani? Mwanangu, mzee yule alikuwa shambani akinisikia nikifunua chungu jikoni."

Nikasimama pale nimekasirika kabisa. Halafu nikacheka, msibani, mpaka ndugu zake wakageuka. Alinidanganya kila Alhamisi, Mungu amrehemu, na sijui ningekuwa wapi leo kama angekubali kunisikia mara ya kwanza. Nimejifunza kwake kwamba anayeacha pombe anahitaji watu wengi kuliko anayekunywa. Sasa hayupo wa kukinga kiganja sikioni, na kusema kweli Alhamisi inayokuja naiogopa. Kwa hiyo nasema hapa, kwa sauti, mpaka wa Mabira wasikie: mimi mwandishi wa safu hii ni mlevi, sijanywa tangu mwaka jana, na mkiniona nimeshika kikombe, nipokonyeni.