Chungu Kibarazani

Harufu ya makopa yanayochemka hainiachi hadi leo. Si harufu mbaya, ina uchachu mdogo tu wa muhogo ulioanikwa juani, lakini ikinifikia huinuka nikaondoka.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini mchele Unguja ulikuwa hadithi. Serikali ilikataza usiagizwe kutoka nje; ulitolewa kwa mgao, kwa foleni, na mara nyingi ulikwisha kabla zamu yetu haijafika. Mji mzima tukala muhogo, tukakonda sote. Sote isipokuwa Zuwena.

Zuwena alikuwa jirani yangu wa Mkunazini, tukisoma darasa moja. Alizaliwa mnene akabaki mnene, kama marehemu baba yake, ambaye wakisema akiingia mlangoni kwa ubavu. Muhogo alioula ni ule ule niliokula mie. Nashuhudia, maana tulikuwa tukila sinia moja. Lakini watoto wakamwita Gunia. Akipita kichochoroni wanampapasa tumbo: "Hebu fungua tuone kilo ngapi!" Yeye hucheka nao, akifika kwetu ndo analia.

Ungekuwa mzaha wa watoto tu, ungekwisha. Ila wakubwa nao wakaanza kumtazama. "Ati mtoto yule anakula nini?" walinong'ona kwenye foleni. "Pana nyumba hapa mchele haukwishi." Miaka ile neno kama hilo halikuwa la kuchezea. Aliyesemwa kuwa anaficha chakula alifuatwa nyumbani na watu wa serikali, na si kila aliyefuatwa alirudi.

Mama yake, Bi Salma, mjane mwenye haya zake, akafanya jambo ambalo kwetu mjini halifanywi. Mwanamke wa Mji Mkongwe hupika uani, na hata sahani ya kumpelekea jirani huifunika kawa, watu wasijue kapika nini. Yeye alitoa jiko lake la makaa barazani, akateleka makopa mchana kweupe, chungu wazi, Zuwena kamkalisha ubavuni. "Tazameni," aliwaambia wapitao. "Hiki ndicho anachokula mwanangu. Njooni mchungulie."

Walichungulia, nakwambieni! Mwanamke mmoja alichukua upawa, upawa wa mwenyewe, akakoroga, akatia kipande mdomoni, akatafuna taratibu. Kisha akasema, "Hiki cha kuonyesha. Cha kuliwa kiko ndani." Kichochoro kizima kikacheka.

Siku ya pili mama yangu alitoka akakaa na Bi Salma barazani, akala naye mbele za watu. Nilijivuna siku ile! Baba aliporudi kazini akamwita ndani. "Unataka waje na kwetu?" Mama hakukaa tena kwenye baraza ile, na mie nikakatazwa kumpitia Zuwena asubuhi.

Zuwena akaacha kula akitazamwa, halafu akaacha shule. Mwisho Bi Salma akaona amtoe mjini, ampeleke kwa shangazi yake Uroa. Siku ya kuondoka nilitoroka nikamkuta mlangoni na kifurushi chake. "Kwani mie nimekula nini cha mtu?" aliniuliza. Nilimshika mkono, mpaka shangazi yake aliyekuja kumchukua alipomwita. "Naam," akaitika, akenda zake.

Kichochoroni wakasema, "Mnaona? Kamficha."

Miaka mingi nilidhani majirani zetu walikosea tu, hawakujua. Ukubwa umenifunza vyengine. Walijua. Kile chungu wamekichungulia kila siku, wamekionja kwa midomo yao. Ila njaa ile ilikuwa na wenyewe, watu wenye vyeo na bunduki, na kuwataja ilikuwa hatari. Mtoto mnene wa mjane hakuwa na mtu wa kuogopwa nyuma yake. Wakamlaumu yeye, na kwa siku kadhaa nyoyo zao zikapoa.